Uchafu Hurudi kwa Mwenye Mali

Katika miaka ile ambayo kila mtu Mwanza aliambiwa kuwa sasa ni mfanyabiashara, Igoma ilikuwa na mafundi redio kumi na mmoja na msafishaji mmoja. Mafundi walikuwa na bisibisi. Msafishaji alikuwa na unyoya wa kanga, brashi ya kunyolea ndevu iliyochakaa nusu, vijiti vya meno na roli ya plasta ya hospitali. Jina lake Mashimba Nkwabi. Juu ya mlango wa kibanda chake, pembeni ya barabara ya Musoma, alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAPA HATUFUNGUI REDIO. TUNASAFISHA TU.

Nimesoma vibao vya biashara katika miji mingi, na karibu vyote huahidi kwamba kitu fulani kitafanyika. Hicho kilikuwa cha kwanza kuniahidi kuwa kitu fulani hakitafanyika, na ndicho kilichomletea wateja. Watu wa Igoma walikuwa wamechoka na mafundi. Mkulima alikuwa akipeleka redio iliyokwama kidogo tu, akarudishiwa redio yenye jina lilelile kifuani na matumbo ya redio nyingine. Kwa hiyo mtu asiyefungua kabisa alionekana kuwa mtaalamu wa hali ya juu.

Mzee Mashimba hakuzaliwa msafishaji wa redio. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kwenye kinu cha kuchambua pamba, kazi yake ikiwa kusafisha nyavu za mashine, zile zinazokamata nyuzi na mchanga kabla pamba haijafungwa marobota. Hapo alijifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba wavu hausafishwi kwa nguvu, husafishwa kwa uvumilivu. La pili lilikuwa amri ya kinu: kila jioni uchafu wote ulitiwa kwenye gunia, ukapimwa, ukakabidhiwa kwa mtunza ghala, kwa sababu hata nyuzi za sakafuni zilikuwa mali ya wenye pamba, na zilikuwa na tabia ya kutoka getini ndani ya suruali za watu na kuishia kwenye magodoro. Uchafu wa kinu ulikuwa mali ya kinu. Mashimba aliishika amri hiyo kama wengine wanavyoishika katekisimu.

Kisha kinu kikaambiwa kuwa hakina faida. Wafanyakazi wakakusanywa uwanjani na bwana mmoja mwenye tai akawaeleza kuwa hawakufukuzwa, wamepewa uhuru wa kujiajiri. Kila mmoja akapata cheti na mwavuli wenye jina la kinu kisichokuwepo tena. Wenzake wakaingia kwenye mitumba. Wengine wakaingia kwenye mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishapanda ndege kwenda Ulaya. Mashimba alijaribu mapanki kwa wiki mbili akashindwa, maana alikuwa akiyasafisha mno. Wateja walilalamika kwamba akimaliza hakuna kilichobaki cha kula.

Siku moja redio yake mwenyewe ikaanza kukoroma. Akaisogeza dirishani, akautazama wavu wa spika, na akaona kinu chake cha zamani kimefanywa kidogo. Matundu yalikuwa yameziba vilevile. Akageuza redio kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, akachukua brashi yake ya ndevu, na alipomaliza saa moja baadaye mtangazaji alikuwa akisema waziwazi kuwa uchumi unaendelea vizuri.

Mwanza ni mji ulioumbwa kwa ajili ya kazi hiyo. Vumbi hutoka barabarani. Vijidudu huinuka juu ya ziwa kama moshi, vikaja mjini kutafuta taa na kufia popote penye tundu. Tena watu wa huku hula huku wakisikiliza taarifa ya habari, redio ikiwa katikati ya meza kama mgeni wa heshima, nayo hupata makombo yake kama mgeni mwingine yeyote. Juu ya hayo kuna kitambaa. Kila nyumba yenye kujiheshimu hufunika redio kwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, kilichotiwa wanga wa muhogo ili kisimame vizuri. Kitambaa huzuia vumbi. Wanga ukikauka hupukutika kama unga, ukaingia kwenye matundu yaleyale ambayo kitambaa kiliwekwa kuyalinda. Mzee Mashimba alilijua hilo tangu wiki ya kwanza na hakumwambia mtu. Alisema akina mama wamefuma kwa upendo, naye si wa kugombana na upendo.

Alikuwa na miiko. Hakutumia sindano, kwa sababu ndani ya spika kuna karatasi nyembamba na sindano ikiitoboa redio itakoroma mpaka kiama. Alipiga brashi upande mmoja tu, uso wa chombo ukitazama chini, ili kilichomo kianguke badala ya kusukumwa ndani. Mabaki ya mwisho aliyanasa kwa plasta, akiigusisha na kuinua, akiigusisha na kuinua. Hakupuliza kwa mdomo kamwe. "Pumzi ya mtu ina maji," aliniambia, "na vumbi likipata maji ni tope. Hata Mungu alipopulizia udongo alipata mtu, na unaona matatizo yake."

Na alipomaliza, alifanya kitu ambacho hakuna fundi mwingine aliyekifanya. Aliikunja ile karatasi nyeupe pamoja na vyote vilivyoanguka, akaikunja kama vile vikaratasi vya dawa vya zahanati, akampa mwenye redio kwa mikono miwili. Hakusema kilichomo na hakukifungua. Uchafu hurudi kwa mwenye mali.

Mwanzoni watu walicheka, halafu wakaanza kuogopa kidogo. Katekista mmoja alifungua kikaratasi chake nyumbani akakuta ugoro, naye alikuwa amehubiri dhidi ya ugoro Jumapili tatu mfululizo. Mke wa mwenyekiti wa mtaa alipata vipande vya maganda ya mayai, wakati watoto wake walikuwa wakiambiwa kuwa kuku wamegoma kutaga. Wote walirudi tena kwa Mzee Mashimba redio zilipoziba. Siri zao zilikuwa salama kwake, kwa sababu alizirudisha.

Nilimfahamu kupitia kazi nyingine. Mwezi wa kumi na mbili mwaka tisini na saba, mvua zikinyesha kana kwamba ziwa limeamua kuhamia angani, nilikuwa Mwanza nikimtafsiria mtathmini wa wafadhili. Alikuja kukagua mradi wa kuwajengea uwezo wajasiriamali wadogo wa Kanda ya Ziwa. Mradi ulikuwa na ofisi ghorofa ya pili, mjini, dirisha likitazama ziwa. Ulikuwa na mratibu, Bwana Revocatus, mtu wa Bukoba, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Ulikuwa na katibu muhtasi, Kija, binti wa Usagara aliyekwisha kupunguzwa kazi mara moja, kwenye chama cha ushirika. Na ulikuwa na kompyuta ya kukunja, ambayo wakati ule ilikuwa kitu cha kusimulia hata kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam.

Kompyuta hiyo iliishi maisha ya chifu. Iliwekwa mezani kwa Bwana Revocatus, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma. Alikifuma Kija mwenyewe kwa agizo la mratibu, na kukitia wanga kila Ijumaa. Mgeni akija kitambaa kiliondolewa polepole. Ikiwashwa ilitoa mlio wa kukaribisha, kama kinanda kidogo, na wajasiriamali wadogo, yaani wauza nyanya na washona viatu walioitwa kwenye semina, walipiga makofi. Ndani yake Bwana Revocatus alikuwa amerekodi hotuba ya mafanikio ya mradi kwa sauti yake mwenyewe, ili mtathmini aisikilize.

Wiki moja kabla ya mtathmini kufika, mlio wa kukaribisha ukageuka kikohozi. Hotuba ikasikika kama ya mtu anayezungumza akiwa na ugali mdomoni. Bwana Revocatus akaitazama kwa karibu, akaona makombo kwenye vitundu vya spika, pande zote mbili juu ya vitufe. Hakuuliza. Akaandika barua. Barua ilisema kuwa Kija, kinyume cha Waraka wa Ofisi Namba Nne unaokataza kula na kunywa mbele ya mitambo, ameshinda juu ya kompyuta ya mradi akila, na kuisababishia kupoteza sauti. Ajieleze ifikapo Ijumaa, la sivyo ajira yake itakoma siku hiyohiyo. Waraka Namba Nne aliuandika Bwana Revocatus. Kija aliupiga chapa.

Kija hakuwahi kula juu ya kompyuta ile. Aliifuta vumbi, akaifunika, na mara nyingine akachapa barua mratibu akiwa safarini. Lakini kukana tu hakungetosha, na nyumbani Usagara kulikuwa na mama yake na wadogo zake wanne waliokuwa wakisoma kwa mshahara wake. Kwanza alimwendea Mama Savita, mwenye duka la vifaa vya umeme ambalo ndilo lililouza kompyuta ile kwa mradi. Mama Savita alizaliwa Mwanza, kama baba yake, na alizungumza Kisukuma cha kumtoa nyoka pangoni. Alimwambia Kija kuwa kuipeleka Nairobi kutachukua wiki tatu. Kisha akapunguza sauti, kama mtu anayetaja mganga, akamtaja Mzee Mashimba wa Igoma.

Kija akaenda Igoma na mwavuli uliovunjika mbavu. Alipomwamkia shikamoo, mzee aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, maana alikuwa kwenye wavu wa redio ya mtu na brashi haikatishwi katikati. Baadaye alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja tu, kama kompyuta ina matundu. Kija alisema inayo, madogo kuliko ya redio. Mzee akasema basi ni redio isiyo na aibu, inajifunua na kujifunika, na atakuja.

Bwana Revocatus hakupenda wazo la mtu wa Igoma, ila Ijumaa ilikuwa inakuja. Alikubali kwa sharti kwamba mambo yafuate utaratibu. Aliandaa hadidu za rejea za kusafisha vitundu vya spika, kurasa mbili, zenye lengo kuu, malengo mahususi na matokeo yanayotarajiwa. Ijumaa asubuhi Mzee Mashimba alifika amevaa koti la kinu, akapewa karatasi hizo. Hakuwa na miwani. Alimwomba Kija amsomee, akasikiliza kwa heshima kama mtu anayesikiliza tangazo la msiba, kisha akauliza karatasi zinasemaje kuhusu uchafu utakaotoka. Kija akapekua. Hazikusema kitu.

"Basi utarudi kwa mwenyewe," mzee akasema.

"Utatupwa," Bwana Revocatus akasema. "Kuna kapu la taka pale."

"Hapana, bwana mkubwa. Mimi situpi mali ya mtu."

Ilitakiwa awe amemaliza saa tano, kabla sisi hatujafika. Lakini mtathmini alikuwa na desturi ya kwao ya kufika mapema, na alikuwa amekwisha kuvuka kutoka Sengerema kwa kivuko cha kwanza, mimi nikiwa nyuma yake na begi lake. Saa tatu na nusu tulipanda ngazi. Tukamkuta Mama Savita kwenye kiti, ameitwa kama muuzaji ili athibitishe kuwa chombo kinafanya kazi. Kija alikuwa amesimama karibu na kabati, barua mkononi. Bwana Revocatus alikuwa anatembea. Na dirishani, kwenye mwanga, mzee mwenye koti la bluu alikuwa ameishika kompyuta kifudifudi, imezimwa, betri imetolewa, akiipigapiga brashi kwa namna ambayo nimewaona watu wakimpigia mtoto mgongo ili acheue.

Mtathmini aliniuliza huyo ni nani. Bwana Revocatus akaeleza kwa haraka kuwa ni mmoja wa wajasiriamali waliojengewa uwezo na mradi. Nilitafsiri. Mzee Mashimba, aliyekuwa amejengewa uwezo na kinu cha pamba miaka kumi na tisa, hakugeuka.

Alimaliza kwa plasta, tundu kwa tundu. Mtathmini alikuwa ameacha kuandika, anatazama. Kisha mzee akairudisha kompyuta mezani, akaikunja ile karatasi nyeupe mara nne, akaiweka kando ya kompyuta, akaifunika kwa kiganja.

Bwana Revocatus akairudisha betri, akawasha. Mlio wa kukaribisha ukatoka safi kabisa, kinanda chote kikiwa na meno yake. Mama Savita akapiga makofi mara moja. Kisha hotuba ikaanza, sauti ya Bwana Revocatus ikatoka kwenye vitundu vile bila hata chembe ya ugali: "Mradi umejenga utamaduni mpya wa kazi. Katika ofisi hii hatuli, hatunywi wala hatupigi soga mbele ya mitambo." Nilitafsiri mpaka mwisho, dakika kumi na mbili.

Mtathmini alifurahi. Mradi ulikuwa unakwisha mwezi wa sita, alisema, na sera ya wafadhili ni kwamba kila kifaa kikabidhiwe kwa mtumiaji wake mkuu, kwa sababu wao wanaamini mali hutunzwa na anayeitumia. Akatoa fomu. Akauliza mtumiaji mkuu wa kompyuta ni nani.

"Ni mimi," Bwana Revocatus akasema kabla sijamaliza kutafsiri. "Hakuna mwingine anayeigusa. Tangu ije, mtu mwingine hajawahi hata kukaa mbele yake."

Hapo ndipo Kija alipotoka pale kando ya kabati. Alikuja taratibu, akanipa barua yake. "Kaka, naomba na hii umtafsirie," akasema.

Nilitafsiri. Ni kazi yangu. Nalipwa kusema waliyosema wengine. Barua iliposema kwamba Kija ameshinda juu ya kompyuta akila, mtathmini aliitazama fomu, akaitazama barua, akauliza swali lililo rahisi kuliko yote niliyowahi kutafsiri katika miradi. Aliuliza kilicholiwa ni nini.

Sote tukatazama kiganja cha Mzee Mashimba.

"Mzee," Bwana Revocatus akasema, na sasa alikuwa mpole, "hilo jambo dogo la kiutawala. Nipe hiyo karatasi nikaitupe."

"Nitakupa, bwana mkubwa. Nilikuwa nangoja kujua mwenye mali ni nani. Nilipoingia nilisikia ni ya mradi. Mama Savita akasema ni ya wafadhili. Sasa umesema mwenyewe ni yako." Akaiinua karatasi, akampa kwa mikono miwili, akiinama kidogo kama anavyowapa wote. "Mwenyewe apokee."

Mtu akipewa kitu kwa mikono miwili na mzee hawezi kukikataa mbele ya watu, hata angekuwa na kalamu tano mfukoni. Bwana Revocatus alipokea. Alitaka kuitia mfukoni, lakini mtathmini alikuwa amesogeza kiti. Akaniambia nimwombe mzee aifungue.

"Mimi huwa sifungui," Mzee Mashimba akajibu. "Hata kibaoni nimeandika."

Kwa hiyo Bwana Revocatus akafungua mwenyewe. Kulikuwa na unga mweupe wa wanga, mwingi, na Kija aliuona akashika mdomo, maana ulitoka kwenye kitambaa chake. Kulikuwa na vijidudu vya ziwani, vikavu, kama herufi zilizoanguka kwenye gazeti. Na juu ya hivyo vyote kulikuwa na miguu. Miguu myembamba yenye rangi ya kahawia iliyoiva, kiasi cha saba, vipande vya viwiliwili vinavyong'aa mafuta, na chembechembe za chumvi.

Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuambiwa. Kwa msomaji wa mbali niseme kwamba mwezi ule ni msimu wa senene, panzi wanaoliwa, na kwamba mtu wa Bukoba aliye mbali na kwao hupelekewa senene wa kukaangwa na mama yake, ndani ya kopo, kwa meli, na hawagawi hovyo hovyo. Msukuma huwatazama watu wa Bukoba wakiwala na kutikisa kichwa. Hao ni watani wa muda mrefu.

"Kija," Mama Savita akauliza kwa Kiswahili ili wote waelewe, "wewe unakula senene?"

"Mimi wa Usagara, mama. Sisi tunawafukuza kwenye taa."

Bwana Revocatus alijikaza. Alieleza, na nikatafsiri, kwamba senene ni wadudu wanaoruka, msimu huu wako kila mahali, hufuata mwanga, na kompyuta, kama inavyojulikana, ina mwanga. Ni wazi kuwa wameingia wenyewe. Hili lilikuwa jambo la mazingira.

Mtathmini akaanza kuandika. Nadhani lingepita. Nimeona mambo makubwa kuliko hayo yakipita. Lakini Mama Savita alikuwa ameinama juu ya karatasi na miwani yake, akaokota kitu kwa ncha ya ukucha, kitu chembamba kilichojikunja na kuungua pembeni.

"Mimi sili nyama, sili samaki, sili hata yai," akasema. "Lakini nimeishi hapa miaka hamsini na mbili, na sijaona senene anaruka na kitunguu."

Mzee Mashimba alikuwa anaviringisha unyoya wake wa kanga kwenye kitambaa na hakuinua macho. Si desturi yake kusoma uchafu wa mtu. Kija ndiye aliyeanza kucheka, puani, akajaribu kuzuia, ikamshinda. Kisha Mama Savita. Mtathmini aliniuliza wanacheka nini na nikamweleza kwa ufupi. Naye, kwa uungwana wa watu wa kwao, akamwuliza Bwana Revocatus kama wana ladha nzuri.

Nitasema hili kwa ajili ya Bwana Revocatus, kwa sababu kejeli ikimwacha mtu mifupa mitupu inakuwa kama mapanki ya Mashimba. Alikaa kitini, akaziweka chini kalamu zake, akasema kwamba ni watamu sana. Akasema mama yake ana miaka themanini na moja na bado huwachambua mwenyewe, bawa kwa bawa. Yeye hubaki ofisini watu wakishaondoka, anaandika ripoti za robo mwaka ambazo hajawahi kupata jibu la hata moja, na kopo liko kwenye droo. Hakuweza kula mbele ya watu, kwa sababu ya Waraka Namba Nne. Alikuwa amesahau jinsi mkono wake ulivyokuwa ukienda kwenye kopo na kurudi kwenye vitufe.

Kisha akanyoosha mkono kwangu, akaomba barua. Niliitazama sura ya Kija, akaitikia kwa kichwa, nikampa. Akaandika juu yake, kwa kalamu ya kwanza kati ya zile tatu: *Imeondolewa. Mkosaji amepatikana.* Akasaini, akampa Kija nakala yake. Hata katika toba mtu wa ofisi hubaki mtu wa ofisi.

Fomu ilibaki. Mtathmini aliuliza tena mtumiaji mkuu ni nani, na safari hii chumba kizima kikawa hakina mwenye kompyuta. Bwana Revocatus alisema ni ya mradi. Mama Savita alisema yeye aliuza, akamaliza. Ilikuwa ajabu kuona chombo kilichogombewa na watu wote saa moja iliyopita kikikosa mtu wa kukidai, kwa sababu tu sasa ilijulikana kwamba kinakuja na karatasi yake. Mwishowe mtathmini akamnyooshea Kija kalamu. Kija akauliza kama akisaini, na uchafu utakaotoka siku zijazo utakuwa wake. Nilimwuliza Mzee Mashimba badala ya mtathmini.

"Wote," mzee akasema.

Kija akasaini.

Baadaye niliona ripoti. Kwenye safu ya changamoto iliandikwa: wadudu. Kwenye safu ya mafanikio iliandikwa kwamba mradi umefanikiwa kuibua fundi wa kompyuta mwenye mbinu za asili, na ilipendekezwa kuwe na semina. Semina ilifanyika kweli. Mzee Mashimba alialikwa kama mshiriki, akafundishwa kujiajiri, akapewa cheti na mwavuli. Sasa ana miwili.

Mwezi wa tatu nilirudi na mtathmini mwingine, wa wafadhili wengine. Mradi ulikuwa na miezi mitatu ya kuishi. Kompyuta ilikuwa mezani kwa Kija, bila kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimehamia juu ya kabati la mafaili, mahali pasipo na tundu. Kwenye meza ya Bwana Revocatus kulikuwa na kopo wazi, na aliponiona alilisogeza upande wangu. Nilikula watatu. Ni watamu.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya kusafisha. Mzee Mashimba alikuwa dirishani amevaa koti lake la bluu, kompyuta kifudifudi, brashi upande mmoja. Kija alikuwa anapiga simu Usagara kuuliza kama mdogo wake wa mwisho amekwenda shule. Mzee alipomaliza alikunja karatasi mara nne akaja nayo, akamsubiri mpaka aweke simu chini, akampa kwa mikono miwili.

Kija alipokea kwa mikono miwili. Aliifungua palepale, mbele yetu sote, jambo ambalo sijaona mteja mwingine wa Igoma akilifanya. Hakukuwa na wanga tena. Kulikuwa na vumbi kidogo, vijidudu viwili, na maganda ya karanga, yale mekundu membamba, mengi kuliko ambavyo mtu angetegemea.

Aliyatazama. Bwana Revocatus aliacha kutafuna.

"Ni yangu," Kija akasema, akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake.